Lipu Iliyoishia Dirishani

Huu ni mfano tu, wapendwa, kwa hiyo msianze kugeuka nyuma mkitafuta ninayemsema. Atakayejiona humo ajue mwenyewe, na asimwambie jirani.

Palikuwa na fundi mwashi mmoja. Nyumba zote nzuri za upande ule wa mlima zilipita mikononi mwake. Akipiga lipu, ukuta unatoka laini mpaka mgeni akitaka kuegemea anajiuliza kwanza kama ana ruhusa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitembea na pima maji yake kwapani, na Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa, pale pale walipo hao ninaowaona wakitazama saa.

Sasa huyu fundi alikuwa na mke, na nyumba ya huyu mke ilikuwa tofali tupu. Miaka kumi na tisa. Kila mwaka mumewe alimwambia, mama, mwaka kesho naanza na ukuta wa mbele, na kila mwaka kesho akatokea mtu anayeozesha, au mtu anayehamia, akamchukua fundi na mwiko wake. Mke hakununa. Alimwita Fundi, hata mbele ya wageni, na wageni wakiingia aliwaambia wasiegemee, tofali zitawachuna mabega, mwenye nyumba bado anatafuta fundi. Watu wakacheka, na yeye fundi akacheka, lakini lile jambo lilikuwa limemkaa moyoni. Aliwahi kusikia kwenye msiba wa baba yake mzazi, watu wawili wakinong'ona uani: anajengea watu wote, kwake tofali zinachungulia. Hakulisahau neno hilo. Sisi wanaume tunaweza kusahau siku ya kuzaliwa kwa mtoto, lakini neno tulilosemwa msibani tunakaa nalo mpaka tuzikwe.

Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko. Jiko la zamani la mbao na mabati, jeusi kwa moshi kuanzia chini mpaka juu, mafiga matatu katikati. Jioni fundi akirudi kazini alikaa humo kwenye kigoda, akatia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, saruji ikawa inaachia vidoleni taratibu. Mke alikaa ng'ambo ya moto anamenya ndizi na kumsimulia ya siku nzima: nani ameugua, nani amegombana na nani, ng'ombe wa nani ameingia shambani kwa nani. Fundi alijibu "mh". Mara nyingine "mh" ya kushangaa. Najua mnangoja niseme kitu kikubwa zaidi kuhusu ndoa hii. Hakuna. Ndoa ilikuwa hiyo, na ilikuwa nzuri.

Ndipo mke akaugua. Saratani, ile inayowakamata akina mama kwenye mlango wa kizazi, na kama kawaida yetu iligundulika imeshachelewa. Walikwenda hospitali ya wilaya, wakapelekwa ya rufaa, wakakaa huko mjini miezi kwa ajili ya mionzi. Mwisho daktari akamwita fundi pembeni. Akamweleza kwa upole kwamba wamefika mwisho wa wanachoweza kufanya ili kuuondoa ugonjwa. Akasema iliyobaki sasa ni kazi nyingine, na kazi hiyo inafanyikia nyumbani. Akampa barua ya kuwapelekea watu wa hospisi, wanaotunza wagonjwa majumbani, walioko kwenye hospitali ya misheni kule bondeni kwao. Fundi aliipokea barua kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri, akaikunja mara nne, na walipofika nyumbani akaiweka chini ya godoro, upande wake wa kitanda.

Mke akamwuliza daktari amesema nini. Fundi akamwambia amesema upumzike kidogo upate nguvu, halafu tutarudi.

"Haya, Fundi," mke akasema.

Mnaisikia hiyo "haya"? Mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka kumi na tisa, ambaye "mh" moja tu ilimtosha kujua mumewe amelipwa au hajalipwa, mnadhani hakujua?

Kesho yake fundi akatoa saruji yote aliyokuwa akiiweka akiba, akaagiza mchanga, akaanza kupiga lipu. Alianza na ukuta wa mbele, unaotazama njia. Majirani walipopita walimsifu, na hakuna aliyeuliza kwa nini sasa, kwa sababu wote tunajua kwa nini sasa. Si ndiyo desturi yetu? Mgonjwa akirudishwa nyumbani, tunaanza kukata wigo. Tunapaka rangi. Tunasawazisha uwanja. Hatusemi neno, lakini kila mtu anajua kwamba watu watakuja, turubai itafungwa, na macho ya watu yatatembea juu ya kuta zetu. Tunaandaa msiba wa mtu ambaye bado anakohoa chumbani, naye anatusikia tukiuandaa.

Lakini nisimwonee huyu fundi. Hakuwa anafikiria macho ya watu peke yake. Alitamani, kwa kutamani kunakouma, kwamba mkewe akitoka katika nyumba ile mara ya mwisho atoke kwenye nyumba iliyokamilika, ile aliyomwahidi. Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo hakulikiri hata kwa Mungu wake. Kando ya kitanda cha mgonjwa palikuwa na kiti, na fundi alikiogopa kile kiti. Mwiko ukiwa mkononi alijua la kufanya. Kwenye kiti hakujua.

Siku ya nne akaja mtu. Mwanamume mnene, mwavuli mkononi, begi la ngozi begani, anahema kwa kile kilima mpaka akashika mti wa wigo kwanza kabla ya kupiga hodi. Alikuwa muuguzi wa hospisi. Barua ilikuwa chini ya godoro, lakini wale wa hospitali ya rufaa walikuwa wamepiga simu pia. Fundi alitoka kumlaki na mwiko wake, wakakutana pale langoni.

"Shikamoo mzee. Nawahudumia wagonjwa majumbani. Nimeambiwa hapa kuna mama."

"Marahaba. Wagonjwa wa namna gani?"

"Wale ambao ugonjwa wao hauponi, mzee. Tunakuja kuwatuliza maumivu, na kukaa na familia."

"Basi umekosea nyumba," fundi akasema. "Wangu anapona."

Yule muuguzi hakubishana. Aliokota kipande cha mfuko wa saruji, akaandika namba yake ya simu, akampa, akashuka kilima na mwavuli wake. Fundi akakichomeka kile kipande kwenye ufa wa tofali, akarudi kazini, kifua mbele. Aliona amemtetea mkewe. Aliona amemfukuza kifo langoni.

Dirisha la chumba cha mgonjwa, wapendwa, lilikuwa ubavuni mwa nyumba, hatua chache tu kutoka langoni. Lilikuwa wazi.

Zikafuata wiki tatu. Lipu ya mbele ikaisha, ikaja ya upande wa kulia, ikaja ya sebuleni. Chumba cha mgonjwa fundi alikiweka mwisho, kwa sababu waombolezaji hawaingii huko. Wifi wa mgonjwa, yaani dada yake fundi, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha uji. Fundi aliingia asubuhi akauliza umeamkaje, akaingia jioni akauliza umeshindaje, na kila mara alisimama mlangoni, saruji mikononi, akasema asikaribie asije akamchafulia mashuka. Miaka yote ile mwanamke huyu alikuwa ameosha saruji. Leo imekuwa uchafu?

Wiki ya pili akabomoa jiko. Turubai ingehitaji nafasi, na uwanja ulikuwa mdogo. Tena alijisemea kwamba mkewe atafurahi, maana alikuwa akilalamika moshi unamwumiza macho. Mgonjwa alisikia mbao zinaanguka, akamwuliza wifi yake kinachobomolewa ni nini. Wifi akajibu ni lile jiko bovu. Mgonjwa aligeuza uso ukutani, na siku ile hakunywa uji.

Maumivu yalikuwa makali. Sitayapamba. Alikuwa na vidonge vile vya kawaida ambavyo sote tunavinunua dukani kichwa kikiuma, na kwa ugonjwa ule vilikuwa havifui dafu. Akajifunza kutia pindo la khanga mdomoni na kuliuma. Kwa nini? Kwa sababu alijua mumewe akimsikia atavunjika, na aliona ile kazi ndiyo iliyobaki ikimsimamisha mwanamume yule. Naye mumewe nje, akihisi kuna mlio unaotaka kutoka ndani, alikwangua ukuta kwa nguvu zaidi ili asiusikie. Basi wakakaa hivyo, huyu akiuma khanga kwa ajili ya yule, na yule akikwangua ukuta kwa ajili ya huyu, na katikati yao tofali moja. Walipendana. Mtu asiniambie hawakupendana. Lakini kila mmoja alikuwa peke yake.

Mwisho wa wiki ya tatu fundi akafikia ukuta wa nje wa chumba kile. Alianza pembeni, akaja nao vizuri, akafika dirishani. Akainama ili anyooshe kona ya dirisha, na upepo ukainua pazia. Akamwona. Amejikunja upande mmoja, macho ameyafumba, khanga mdomoni, na lile pindo limetafunika mpaka limekuwa matambara. Hakuwa akitoa sauti yoyote. Machozi ndiyo yalikuwa yakishuka yenyewe.

Fundi alisimama pale mpaka udongo wa lipu ukaanza kukauka kwenye karai. Halafu akaenda kwenye ufa wa tofali, akachomoa kile kipande cha mfuko, akapanda mpaka kule juu kunakopatikana mtandao. Alipopiga na kujibiwa hakujua aanzeje, akasema tu, mimi ni yule wa langoni.

Asubuhi muuguzi alikuja, anahema vile vile. Hakumwuliza fundi ulikuwa wapi siku zote hizi. Ingekuwa wengine wetu, tungeanza na hilo. Aliomba maji ya kunawa, akaingia chumbani, akavuta kile kiti kilichokuwa kikiogopwa, akakikalia kwa uzito wake wote. Fundi hakuingia. Alibaki nje chini ya dirisha, akijidai anasafisha mwiko, na kila kitu alikisikia. Muuguzi alimwuliza mama anaumwa wapi, maumivu yanakuja vipi, analala saa ngapi. Halafu akamwuliza swali ambalo watu wote wa nyumba ile, na daktari, na mchungaji, na majirani waliokuwa wakija na maziwa, hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Mama, wewe mwenyewe unaujuaje ugonjwa wako?"

"Najua nakufa, mwanangu," akasema yule mwanamke. "Nilijua tangu kule mjini. Asiyejua ni yule aliye nje hapo, na ninakuomba usimwambie. Ataanguka."

Chini ya dirisha, fundi akakaa chini kwenye mchanga.

Muuguzi akamwambia mama kwamba hatamwambia, ila anadhani mzee anajua zaidi ya wanavyofikiri. Kisha akamwuliza jambo la pili. Akamwuliza, katika siku hizi zilizobaki, anatamani nini.

Ndipo yule mama akasema, na mimi maneno yake nitayasema kama alivyoyasema, maana ndiyo yaliyonifanya niwaletee mfano huu.

"Natamani kukaa na mume wangu jikoni. Yeye ana beseni lake, mimi namenya ndizi. Wiki tatu hizi namsikia mwiko tu, yeye simsikii. Na jiko lenyewe amelibomoa. Nyumba inazidi kuwa nzuri, mwanangu, lakini mimi sina mahali pa kumwonea."

Nani kati yetu angeweza kunyanyua mwiko baada ya hapo?

Muuguzi alitoka na chupa ndogo ya dawa ya maji inayoitwa mofini. Alimkuta fundi mchangani, akaketi naye hapo hapo, suruali yake safi na yote. Akamwonyesha namna ya kuipima kwa bomba dogo la kupimia dawa, kila baada ya saa nne, bila kungoja mpaka mama alie. Fundi akauliza kwa sauti ya chini kile ambacho wengi wenu mngeuliza: hii si ndiyo ile wanayomalizia watu? Muuguzi akasema hapana mzee, ikipimwa vizuri haimalizi mtu, inatuliza maumivu tu, ili yeye mwenyewe aweze kuwa nanyi. Akamwambia pia kwamba atakuja mara mbili kwa wiki, na simu yake haizimwi. Fundi akamwita daktari, maana kwetu kila anayebeba dawa ni daktari, akamshukuru.

Dawa ilianza kufanya kazi siku ile ile. Mchana mama akalala, akalala kweli, mdomo wazi kidogo, khanga iko mabegani mahali pake. Naye fundi akaenda kule nyuma kwenye kifusi cha jiko. Akayatafuta yale mafiga matatu, akayakuta, akayabeba moja moja mpaka kwenye ukuta wa chumba cha mgonjwa, chini ya dirisha, mahali lipu ilipoishia. Akayapanga. Akachukua zile mbao nyeusi za zamani na mabati yake, akaegemeza kibanda kwenye ukuta wake mpya. Hakutumia pima maji. Kilikuwa kibanda kilichopinda, kazi mbovu kuliko zote alizowahi kufanya maishani mwake.

Jioni akanawa mikono, akaingia chumbani, akakaa kwenye kiti. Hakusimama mlangoni. Alikaa muda, halafu akatoa ile barua chini ya godoro, akaiweka juu ya kitanda.

"Nilijua," akasema.

"Na mimi nilijua kwamba unajua," akasema mkewe. "Tumechezeana sana, Fundi."

Wakalia wote wawili, halafu wakacheka kidogo, halafu akambeba. Alikuwa amekwisha sana, mwepesi. Alimtoa nje akamlaza kwenye godoro ndani ya kile kibanda, akakoka moto, akaleta beseni. Mama aliomba kisu na ndizi. Alimenya ndizi moja, kwa muda mrefu sana, na fundi hakumharakisha.

Walipata siku kumi na saba. Hesabu hiyo fundi anaijua mpaka leo. Siku kumi na saba za kila jioni moto, beseni, na maneno. Na safari hii fundi aliongea. Alimsimulia nyumba zote alizojenga na ya kila nyumba, nani alipunja mchanga, nani aligombana na mkewe juu ya mahali pa kuweka choo, na mkewe ndiye aliyekuwa akijibu "mh". Aliomba msamaha wa mambo ya zamani ambayo mke alikuwa ameshayasahau, na mke akamwomba msamaha wa mambo ambayo yeye hakuwahi kuyajua. Watoto wao walioko mbali walipigiwa simu, wakaambiwa ukweli, na binti akapanda basi, akafika mama yake akiwa na akili zake timamu, wakasukana nywele. Muuguzi alikuja akawafundisha kumgeuza ili asipate vidonda, na kumlowesha midomo kwa kitambaa kibichi alipokuwa hawezi tena kunywa. Dawa ilipohitaji kuongezwa, aliongeza. Mama alichagua mwenyewe wimbo wa kuimbiwa, na kitenge cha kuvikwa. Akasema turubai wasiifunge karibu na migomba yake.

Akafa alasiri moja, ndani ya kibanda kile kilichopinda, miguu yake ikiwa mapajani mwa mumewe, moto ukiwa umebaki makaa.

Watu wakaja, kama tulivyojua watakuja. Turubai ikafungwa. Ukuta wa mbele uling'aa, na watu wakautazama. Lakini waliopita kando kwenda kuchota maji waliuona ukuta wa chumba: lipu imekuja vizuri mpaka dirishani, imekatika, na kutoka hapo ni tofali tupu, na hata ile lipu mpya imeshika masizi mpaka juu. Wakanong'ona. Wakasema maskini, fundi wa watu wote, ukuta wa mkewe umemshinda. Safari hii fundi aliwasikia wakisema, na neno hilo halikumwuma.

Mnadhani hapo ndipo mwisho? Mimi pia ningependa iwe hivyo, twende tukale. Bado kidogo.

Mwezi na nusu baadaye, turubai imeshafunguliwa, ndugu wameshaondoka na vitenge vya sare vimeshatiwa sandukuni, mtu mmoja alipanda kilima akihema, mwavuli mkononi. Mgonjwa hayupo tena. Dawa hakuna wa kupewa. Amefuata nini? Alimkuta fundi kibandani, miguu kwenye beseni, peke yake, anajisimulia. Akavuta kigoda cha upande ule wa ndizi, akakaa. Ndipo muuguzi akamwuliza swali lile lile.

"Na wewe, mzee, unatamani nini?"

Fundi alitazama lango.

"Zile wiki tatu," akasema. "Tangu nilipokurudisha pale langoni mpaka nilipokuita. Alikuwa hai, daktari. Alikuwa hapa hapa ndani, na mimi nilikuwa napiga lipu."

Wapendwa, sasa nasema na sisi.

Sisi ni watu wazuri wa misiba. Hakuna anayetushinda. Tunachanga, tunapika, tunashona sare, tunakesha, tunasafiri siku mbili kwenda kumzika mtu ambaye hatukusafiri nusu saa kwenda kumwona. Mimi nimo humo. Nimeshasimama kwenye makaburi nikamsifu marehemu kwa maneno mazuri ambayo angeyapenda sana kama ningemwambia Jumanne iliyotangulia. Tunawaheshimu wafu, na wanaokufa tunawaacha na ukuta.

Na wakija watu wanaojua kazi hii ya kukaa na wanaokufa, tunawaambia wamekosea nyumba. Tunaona kuwaita ni kukata tamaa, eti ukimwita mtu wa hospisi umemwandikia ndugu yako kifo. Kifo hakingoji umwite muuguzi. Kinachongoja ni yale maumivu ambayo dawa yake ipo. Ni lile swali la mtu anatamani nini, ambalo mara nyingi jibu lake ni dogo hivi hata aibu inatushika: beseni, ndizi moja, mtu wa kuongea naye. Mungu hakutupa uwezo wa kuzuia kila kifo. Alitupa watu wanaojua kukaa kwenye kile kiti, wakatufundisha na sisi kukikalia, na sisi wenyewe tukibaki wajane na yatima, wanapanda kilima tena kuja kututazama. Tumwombe nini zaidi?

Najua kuna mtu humu ndani ana barua chini ya godoro. Sitamtazama. Najua kuna nyumba wigo umekatwa wiki hii vizuri sana. Najua kuna mtu anayewaambia watu wa nyumba yake mnajisumbua bure mimi naendelea vizuri, na pindo la khanga yake limetafunika.

Yule fundi bado anajenga. Mkimpa kazi ataifanya, na itanyooka. Lakini ukuta ule hajaumaliza, na watoto wake wameshamwambia mara nyingi waumalizie wao. Anawaambia waache. Anasema hapo dirishani ndipo alipoweka chini mwiko, na anasikitika kwamba hakuuweka mapema zaidi, kule mwanzo kabisa, karibu na lango.

Leo sitaomba maombi marefu, na wimbo wa mwisho wataimba wasio na wagonjwa. Ninyi mlio na mgonjwa nyumbani, ondokeni sasa. Piteni tu katikati, hakuna atakayewashangaa. Mkifika msiulize ameshindaje mkiwa mmesimama mlangoni. Ingieni, vuteni kiti.